SOMO: Umefoki programu ya watu, jina je?

Wakuu, hili swali nimelijibu inboksi mpaka nimechoka, leo naliandika lote hapa.

Kufoki ni kuchukua kodi (code, maandishi yanayounda programu) ya programu huria ya watu ukaiendeleza kivyako. Leseni inakupa kodi, haikupi jina. Mfano leseni ya Apache 2.0, kipengele cha 6 kimesema wazi, alama za biashara hazimo. Ndo maana waliojitenga na OpenOffice.org (programu za ofisi) 2010 wakaja na LibreOffice.

1. Tafuta jina jipya kabisa.

2. Badilisha nembo na aikoni.

3. Badilisha jina ndani ya kodi. Hapa ndo nilichemka. Nilipiga tafuta-na-badilisha ripo nzima (hifadhi ya kodi ya mradi), ikapita mpaka kwenye faili la leseni, pale palipoandikwa hakimiliki ya waandishi wa mwanzo pakasomeka jina la foki yangu, yaani kazi ya watu ya miaka nimejiandikia mimi! Mmoja wao akaniandikia kwa upole tu, niliona aibu sana. MISTARI YA HAKIMILIKI HAIGUSWI, yako unaiongeza chini. Halafu folda ya mipangilio nikaisahau, foki na programu mama zikawa zinaandika sehemu moja, mtu aliyekuwa nazo zote mbili akafungua yangu, kurudi kwenye ile ya zamani haiwaki. Anwani ya kuvuta masasisho nayo ibadilishe, la sivyo foki yako itajisasisha irudi kuwa programu mama.

4. Juu kabisa ya README (faili la maelezo ya mradi) taja ulikotoka na useme wazi kwamba wewe si wao.

MASWALI

– Mkuu nikiongeza "Pro" mwishoni mwa jina lao?
Hapana. Soma namba 1.

– Mimi nimebadilisha herufi moja tu, mbona hakuna aliyelalamika?
Bado hawajakuona. Watu watakuja kulalamika kwao kuhusu makosa ya kodi yako, hiyo si haki.

– Samahani mkuu, na kama mradi umeachwa, mwenyewe kimya miaka?
Swali zuri hili. Kimya chake hakikupi jina. Mwandikie, mwonyeshe ulichokwisha kurekebisha, mwombe akukabidhi, wapo wanaokabidhi kwa moyo mweupe. Asipojibu endelea na jina lako, na maelekezo ya kuhamisha data uyaandike vizuri ili watumiaji wake wa zamani wasipotee.

– Majina mazuri mnayatoa wapi?
Kwenye lugha yetu hii hii. Waliojitenga na programu ya kutengeneza tovuti iitwayo Mambo, 2005, walichukua "jumla" wakaandika Joomla. Ila kabla hujatangaza kacheki npm na PyPI (hifadhi za vifurushi vya programu) kama jina liko wazi, kisha lishike siku hiyo hiyo.