Jinsi ya kusoma maikroekonomia ya mwanzo ukiwa chuoni Kigoma

Wanaoanguka kwenye maikroekonomia ya mwaka wa kwanza mara nyingi wamekariri vizuri tu. Muulize mmoja wao kanuni ya uhitaji, ataitaja bila kukwama. Kisha muulize bei ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi itakuwaje ziwa likifungwa kwa uvuvi, na kwa nini. Hapo ataanza kuzunguka: bei itapanda, kwa hiyo uhitaji utashuka, kwa hiyo bei itashuka tena, kwa hiyo... Somo hili halisomwi kama historia. Linachorwa na kukokotolewa, na mtu asiyechora anagundua kosa lake siku ya mtihani.

Vifaa ni vichache: daftari lenye miraba, penseli, kifutio, rula ya sentimita 30 na kikokotoo cha kawaida. Usichore kwa peni. Mistari utaihamisha mara nyingi na kila mara utahitaji kufuta.

Muda wa kusoma upange kwa kuangalia uzito wa moduli yako. Katika mfumo wa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi), krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Moduli ya krediti 8 basi ni saa 80. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa tano na dakika ishirini hivi kwa wiki. Kama vipindi vinachukua saa tatu, mbili zilizobaki na ushee ni zako, na zitumie kwa maswali badala ya kunakili upya maelezo ya mwalimu. Kunakili kunakufanya ujisikie umesoma, basi.

Anza na mihimili. Bei inakaa kwenye mhimili wa wima, kiasi kwenye mlalo. Waliozoea hesabu za sekondari hapa huchanganyikiwa, kwa sababu kule tulifundishwa kuweka kinachosababisha chini na kinachosababishwa juu. Wachumi wanafanya kinyume tangu enzi za Alfred Marshall, mchumi Mwingereza ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1890. Usibishane na desturi hiyo. Ukichora kinyume, kila kitu kinachofuata kitasomeka vibaya.

Sasa zoezi lenyewe. Chukua soko dogo la dagaa wakavu, bei (P) ikiwa katika maelfu ya shilingi kwa kilo na kiasi (Q) katika kilo kwa siku. Namba hizi ni za kujifunzia, usiende nazo sokoni:

Uhitaji: Q = 100 − 4P
Ugavi: Q = −40 + 10P

Kuchora mstari ulionyooka kunahitaji nukta mbili tu. Kwa uhitaji, weka Q = 0, unapata P = 25; weka P = 0, unapata Q = 100. Unganisha. Kwa ugavi, Q = 0 inakupa P = 4; tafuta nukta ya pili, mfano P = 14 inakupa Q = 100. Pale mistari inapokatana ndipo penye msawazo. Uthibitishe kwa hesabu: 100 − 4P = −40 + 10P, kwa hiyo 140 = 14P, P = 10, na Q = 60. Kilo ni shilingi 10,000, zinauzwa kilo 60. Kama mchoro na hesabu havikubaliani, uamini hesabu kwanza, kisha kagua vipimo ulivyoweka kwenye mihimili. Mara nyingi mraba mmoja umeupa thamani mbili tofauti.

Halafu hamisha mstari mmoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Tuseme hatua ya namna hiyo inapunguza kilo 28 katika kila bei, huku soko likibaki na akiba iliyokaushwa. Ugavi mpya ni Q = −68 + 10P. Kwa bei ileile ya 10, wauzaji wana kilo 32 na wanunuzi wanataka 60: upungufu wa kilo 28. Bei inasukumwa juu mpaka 100 − 4P = −68 + 10P, yaani P = 12, Q = 52.

Simama hapo uangalie kilichohama. Mstari wa ugavi umehama kwenda kushoto. Mstari wa uhitaji haujasogea hata kidogo. Wanunuzi wamesogea tu kwa kuufuata mstari huo, kutoka kilo 60 hadi 52. Kwa hiyo ni kosa kuandika kwamba uhitaji umepungua. Kilichopungua ni kiasi kinachohitajiwa. Wasahihishaji wanaitafuta tofauti hii, na maelezo yale ya kuzunguka yanatokana na kutoijua. Bei ya bidhaa yenyewe haihamishi mstari wowote wa bidhaa hiyo.

Vinavyohamisha mstari wa uhitaji ni vingine: kipato cha watu, bei ya migebuka (kibadala cha dagaa), bei ya vitu vinavyoliwa pamoja nao, idadi ya wanunuzi, wakiwemo wanaovuka kutoka Burundi na Kongo, ladha, na matarajio ya kesho. Vinavyohamisha ugavi ni gharama ya petroli ya injini, nyavu na taa, teknolojia, idadi ya wavuvi, kodi, na hali ya asili. Huku kwetu mfano mzuri wa hali ya asili upo kila mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Mstari wa ugavi unasogea kushoto, giza likirudi unarudi kulia. Nenda Kibirizi au soko la Mwanga siku za mwezi mpevu na siku za giza, ulizia bei ya kipimo kilekile, iandike. Wiki nne za kufanya hivyo zitakufundisha kuliko kurasa nyingi.

Mistari miwili ikihama kwa pamoja, kuwa mwangalifu. Mbalamwezi imepunguza ugavi na wakati huohuo wanunuzi wameongezeka: bei itapanda bila shaka, lakini kiasi hatuwezi kukisema mpaka tujue mstari upi umehama zaidi. Andika hivyohivyo, «mwelekeo wa kiasi haujulikani», na uchore michoro miwili inayoonyesha matokeo yote mawili. Hilo ni jibu kamili. Anayejilazimisha kuchagua mwelekeo mmoja anapoteza alama.

Unyumbufu, yaani asilimia ya badiliko la kiasi ukigawa kwa asilimia ya badiliko la bei, ndiyo mada ya pili inayoangusha watu, na tatizo ni asilimia tu. Tumia namba zetu zilezile. Bei imetoka 10 kwenda 12. Ukigawa kwa bei ya mwanzo ni ongezeko la asilimia 20, na kiasi kimeshuka asilimia 13.3, unyumbufu 0.67. Lakini ukianzia 12 kurudi 10 kwa njia hiyohiyo unapata 0.92. Mstari uleule, nukta zilezile, majibu mawili. Ndiyo maana tunatumia wastani: badiliko la kiasi ni 8, gawa kwa 56, badiliko la bei ni 2, gawa kwa 11. Asilimia 14.3 kwa 18.2, jibu ni 0.79, uende au urudi. Ni chini ya moja, kwa hiyo uhitaji hapa hauna unyumbufu mkubwa. Jihakikishie kwa mapato: mwanzo 10 × 60 = 600, sasa 12 × 52 = 624. Bei imepanda na mapato ya wauzaji yamepanda, jambo linalowezekana tu pale unyumbufu ukiwa chini ya moja. Usikubali jibu la unyumbufu bila kulipitisha kwenye mapato.

Na usiuchanganye unyumbufu na mteremko. Mstari wetu wa uhitaji una mteremko mmoja mwanzo mpaka mwisho, lakini unyumbufu wake unabadilika: ni moja kamili pale P = 12.5, juu ya hapo ni zaidi ya moja, chini ya hapo ni pungufu.

Bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, haihitaji muda mrefu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta ya petroli, na wanafunzi hukimbilia kuandika kwamba bei kikomo huleta uhaba. Huleta uhaba ikiwa tu imewekwa chini ya bei ya msawazo. Ikiwa juu yake, haibadilishi kitu.

Gharama zinataka jedwali. Tuseme mtengenezaji wa sabuni ya mawese ana gharama zisizobadilika za 60 (maelfu ya shilingi kwa siku), na gharama zinazobadilika kwa katoni 0 hadi 6 ni 0, 30, 50, 66, 90, 130, 192. Jaza mwenyewe kabla ya kuangalia:

Gharama ya nyongeza (ya katoni moja zaidi): 30, 20, 16, 24, 40, 62
Wastani wa zinazobadilika: 30, 25, 22, 22.5, 26, 32
Wastani wa gharama zote: 90, 55, 42, 37.5, 38, 42

Gharama ya nyongeza inapatikana kwa kutoa jumla ya nyuma kutoka jumla ya sasa, haigawanywi kwa idadi yote ya katoni. Ukiona wastani unashuka huku gharama ya nyongeza iko juu yake, umekosea hesabu, haiwezekani. Sokoni katoni ikiwa 40, anatengeneza tano, pale gharama ya nyongeza nayo inapofika 40: mapato 200, gharama 190, faida 10. Ikiwa 24, anatengeneza nne na kupata hasara ya 54, lakini akifunga hasara ni 60, kwa hiyo anaendelea. Ikiwa 20, haifikii hata wastani wa chini kabisa wa zinazobadilika, yaani 22. Afunge. Wanafunzi wengi humfungisha kiwanda mara tu wanapoona hasara, wakisahau kwamba pango linalipwa hata mlango ukiwa umefungwa.

Ukiwa na wenzako, kaeni watatu au wanne, si zaidi. Mmoja achore ubaoni kimya, wengine waseme tukio gani limeonyeshwa. Mtihani utaandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwisho wa kila kipindi kila mmoja aandike kwa Kiingereza sentensi nne za kueleza mchoro mmoja: nini kimetokea, mstari upi umehama na kwa nini, bei imekuwaje, kiasi kimekuwaje. Mpangilio huo wa sentensi nne unafaa karibu kila swali la uhitaji na ugavi.

Kwenye chumba cha mtihani, kama karatasi ni ya saa tatu na alama 100, swali la alama 20 lina dakika 36. Mchoro uwe na upana wa nusu ukurasa, mihimili iandikwe majina, msawazo wa zamani na mpya upewe alama tofauti, na mshale uonyeshe mstari ulikohamia. Weka vizio kwenye majibu. Ukipata bei hasi au kiasi hasi, kosa limetokea pale ulipohamisha namba upande wa pili wa sawasawa. Rudi kwenye mstari huo kabla hujaanza kuchora.