Somo: Kusoma spektra ya supanova, nyotamkia na galaksi za mbali

Picha ya kawaida ya darubini inakuonyesha kitu kiko wapi na kinang'aa kiasi gani. Spektra, yaani nuru ya kitu ikitawanywa kuwa rangi zake, inakwambia kimeundwa na nini na kinakwenda kasi gani. Wanaoanza wengi hukimbilia supanova (nyota iliyolipuka) usiku wa kwanza. Nawasihi muanze na Vega, nyota angavu, kwa sababu spektra ambayo haijapimwa ni mchirizi wa rangi tu.

1. Funga greting, kipande chenye mistari myembamba kinachotawanya nuru. Ya mistari 100 kwa milimita inatosha. Iweke mbele ya kamera, nyota na mchirizi wake vitokee kwenye picha moja, kisha izungushe mpaka mchirizi ulale sambamba na safu za pikseli. Fokasi irekebishwe kwa kutazama mchirizi, si nyota.

2. Pima. Hapa msiwe na haraka. Vega ina mistari ya giza ya hidrojeni iliyo wazi mno, mmoja kwenye nanomita 486.1 na mwingine kwenye 656.3. Tuseme nukta ya nyota iko pikseli ya 100, na mstari wa 486.1 uko pikseli ya 505. Tofauti ni 405. Gawa 486.1 kwa 405, unapata nanomita 1.2 kwa kila pikseli. Sasa hakiki: mstari wa 656.3 uangukie karibu na pikseli ya 647. Usipokuwepo hapo, kuna mstari umeutambua vibaya. Ukishamaliza, usiguse tena fokasi wala greting usiku huo.

3. Supanova. Tafuta hidrojeni kwanza. Ikiwepo, hiyo ni aina ya II, nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka, kama SN 2023ixf iliyotokea kwenye galaksi ya M101. Isipokuwepo, na badala yake ukakuta bonde pana (sehemu iliyofifia) karibu na nanomita 615, hiyo ni silikoni, alama ya aina ya Ia: kibete cheupe, masalio madogo na mazito ya nyota, kimelipuka. Maabara mstari huo uko 635.5. Umesogea upande wa buluu kwa sababu gesi inarushwa kuja kwetu. Chukua tofauti, 20.5, gawa kwa 635.5, zidisha kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde: unapata kama kilomita 9,700 kwa sekunde. Umepima kasi ya mlipuko kwa kutazama bonde moja! (Kama galaksi yake iko mbali, ondoa kwanza msogeo wa galaksi yenyewe.)

4. Nyotamkia. Kichwa chake kimetanda, kwa hiyo bila mwanya mwembamba mbele ya greting spektra hutoka na ukungu. Hata hivyo utaona mikanda ya molekuli za kaboni. Wa karibu na 516 una ukingo mkali upande wa nyekundu, kisha unafifia kuelekea buluu. Ndio unaokipa kichwa rangi ya kijani.

5. Galaksi za mbali. Galaksi za kawaida ni hafifu. Anzeni na kwasa (kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali) 3C 273, ile ambayo mwanaastronomia Maarten Schmidt alitegua kitendawili cha spektra yake mwaka 1963. Mstari wa hidrojeni wa 486.1 unaukuta karibu na 563. Tofauti ukiigawa kwa 486.1 unapata 0.158, na huo ndio msogeo wake kuelekea nyekundu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiona mstari mmoja tu, nitajuaje ni wa hidrojeni?*
Hutajua. Tafuta wa pili. Msogeo huzidisha mistari yote kwa namba moja, kwa hiyo uwiano haubadiliki: 656.3 kwa 486.1 ni 1.35, galaksi iwe karibu au mbali.

*Supanova yangu ina mstari mwembamba wa hidrojeni juu ya spektra ya aina ya Ia. Inawezekanaje?*
Mara nyingi hiyo ni gesi ya galaksi inamokaa. Mistari ya mlipuko wenyewe huwa mipana, maana gesi inakwenda kasi mbalimbali. Piga spektra ya galaksi pembeni mwa supanova ulinganishe.

*Kila kitu ninachopiga kina bonde kwenye 760. Kamera imeharibika?*
Kamera ni nzima, ndugu. Hiyo ni oksijeni ya angahewa yetu. Haisogei kamwe, kwa hiyo itumie kuhakiki vipimo vyako.