Jinsi ya kaunti na chuo kikuu kupunguza pamoja umeme unaopotea maofisini

Mwongozo huu ni wa maafisa wa kaunti na wahadhiri hapa Kenya. Mimi ni mkaguzi wa nishati, na naamini umeme wa serikali ni pesa ya mwananchi.

1. Anza na bili. Kusanya bili za miezi 12 za kila mita ya jengo. Jumla ikifika yuniti 180,000 kwa mwaka, Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zinakuhusu: ukaguzi kila miaka 3, na angalau nusu ya uokoaji wa umeme uliopendekezwa utekelezwe.

2. Andikeni mkataba wa maelewano. Utaje data ni ya nani, nani ana ufunguo wa chumba cha swichi, na nani ana leseni ya ukaguzi kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta nchini. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kupima na kuchambua, ila ripoti ya kisheria ni ya mwenye leseni.

3. Pimeni kabla ya kubadilisha hata taa moja. Hapa ndipo chuo kina faida kubwa, kwa sababu kina vifaa na watu wenye subira. Fundi umeme aliyesajiliwa afunge mita za kurekodi kwenye swichibodi kuu na kwenye kila ghorofa, zisome kila dakika 15 kwa wiki mbili, wikendi zikiwemo. Kisha tazameni usomaji wa saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Toeni kwenye hesabu umeme wa seva, jokofu za dawa na taa za ulinzi. Kinachobaki hakimhudumii mtu. Mara nyingi ni viyoyozi na mashine za maji ya kunywa. Zungukeni usiku huo na mlinzi pamoja na fundi wa jengo. Watafiti wengi huwapita watu hawa, ilhali wao ndio wanaojua ni kiyoyozi gani hakizimwi kwa sababu rimoti ilipotea.

4. Pigeni hesabu inayoeleweka na mhasibu. Taa ya tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) hula wati 44 hivi. Ya LED hula 18. Tyubu 200, saa 10 kwa siku, siku 250 za kazi: mnaokoa yuniti 13,000 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei iliyo kwenye bili yenu.

5. Wahini bajeti. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Ripoti ya Mei, hata iwe nzuri vipi, itasubiri mwaka mzima. Yasiyohitaji pesa, kama kuweka viyoyozi nyuzi 24 na kuvizima saa kumi na moja jioni, yaanze mara moja.

6. Pimeni tena kwa mita zilezile. Linganisheni miezi inayofanana: Machi ya Mombasa na Machi, kamwe si na Julai. Idara ikihamia jengoni katikati ya mradi, andikeni tarehe na idadi ya watu, la sivyo ongezeko lao litafuta uokoaji wenu kwenye karatasi.