Tindo ya springi ya gari: jinsi ya kuikaza isipinde wala kukatika

Nimetoka kumsaidia kijana wa karakana jirani ambaye tindo zake zilikuwa zinapinda kwenye zege. Mkono wake hauna kasoro. Shida ni kwamba alikuwa anazitengeneza kwa nondo.

1. Chuma chenyewe

Nondo za kawaida zina kaboni kidogo mno, hazikazi hata uzichome namna gani. Chukua springi ya bapa ya gari, ambayo huwa na kaboni karibu 0.6%. Ukiwa na wasiwasi, gusisha kwenye grenda: cheche za springi hupasuka matawi mengi, za nondo ni michirizi mirefu yenye matawi machache. Springi iliyokatikia barabarani mimi siigusi, kwa sababu mara nyingi ina nyufa zisizoonekana kwa macho.

Kwa nini kaboni? Atomi za chuma zimejipanga safu kwa safu, na elektroni zinazozishikilia hazina mwenyewe, zinatembea kati ya atomi zote. Kwa hiyo safu zinaweza kuteleza bila kuachana, na chuma kinapinda. Atomi ndogo za kaboni zikinaswa katikati, safu hazitelezi tena.

2. Umbo

Kata, fua, kisha ifukie kwenye majivu ipoe polepole. Chonga makali, ila yaache manene kidogo.

3. Moto

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi. Chuma kikiwa baridi, mpangilio wa atomi zake hauna nafasi ya kaboni: hauwezi kubeba zaidi ya takriban 0.02%. Kikipata joto la kutosha atomi zinajipanga upya kwa namna nyingine, na mpangilio huo mpya unaimeza kaboni yote ya springi. Usipofika hapo, kuchovya kwenye mafuta ili ikaze ni kazi bure.

Utajuaje umefika? Tumia sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kwenye nyuzi 770 za Selsiasi. Gusisha sentimita tano za mwisho, upande wa makali. Zikiacha kuvutwa, rudisha motoni mpaka wekundu ung'ae kidogo zaidi, kisha subiri kidogo joto liingie hadi ndani. Usifike rangi ya chungwa. Joto likizidi, fuwele za chuma hukua kubwa na tindo itakatika kwa pigo dogo.

Usifanye kazi hii juani. Rangi inayoonekana nyekundu iliyofifia mchana huwa imeshapita kiasi ukiiangalia kivulini. Mkaa naupenda kuliko gesi, ila puliza taratibu: upepo ukizidi, uso wa chuma unaungua na kupoteza kaboni, kisha makali yanakuwa laini juu na magumu ndani.

4. Kuchovya

Tumia mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko. Maji yanapoza springi kwa kasi mno, inapasuka. Oili chafu ya injini siipendekezi kabisa, moshi wake ni sumu. Ingiza wima, isogeze juu na chini, usiyumbishe kando. Mafuta yakiwaka, funika, usimwagie maji.

Kaboni sasa imekosa muda wa kutoka, imenaswa na kuukunja mpangilio mzima. Pitisha tupa: ikiteleza bila kuuma, umefaulu.

5. Kupunguza ugumu

Fanya papo hapo, usiiache ilale. Ikiwa hivyo ilivyo, tindo ni ngumu lakini inavunjika kirahisi. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ipashe nyuma ya makali. Utaona rangi zikitembea kuelekea ncha: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Zambarau ikifika kwenye makali, karibu nyuzi 280, chovya kwenye maji. Joto hilo linairuhusu sehemu ya kaboni kutoka, mkazo unapungua, na ugumu unaobaki unatosha. Kwa patasi ya mbao ningesimama kwenye manjano.

Kichwa cha kupigia nyundo usikikaze kamwe. Kikiwa kigumu kinarusha vipande machoni. Kikichanua kwa kupigwa, kisage mara moja.