Kutunga kanuni za ufundi kwenye mchezo wa kuigiza wahusika: tuanze na mhunzi

Mwaka wa pili wa kuongoza mchezo wetu wa mezani, ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake nami msimulizi naongoza hadithi, mchezaji mmoja aliniambia hataki tena kununua silaha sokoni. Mhusika wake, Kombo, alikuwa mtoto wa mhunzi, akataka afue panga lake mwenyewe. Nikampa kanuni nilizokuwa nazo: arushe dadu mara tatu, akikosa hata moja chuma kimeharibika. Alikosa mara ya pili. Chuma alichokipigania pangoni wiki nzima kikaishia pale pale. Hakuomba tena kufua kitu mpaka hadithi ile ilipokwisha. Kosa lilikuwa la kanuni, halikuwa la bahati yake.

Tangu siku ile nimezitunga upya mara kadhaa. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa. Mfano nitautoa kwenye uhunzi, katika dunia ya kubuni yenye sura ya mwambao wetu: miji ya mawe, majahazi, majini, na wafalme wenye siwa.

Hatua ya 1: Andika vitu kwanza, dadu ziweke kando

Chukua karatasi uandike vitu 10 ambavyo wachezaji wako wangevitamani na ambavyo hakuna duka linaloviuza. Kama panga lile lile linapatikana sokoni kwa sarafu 15, nani atakaa wiki nzima akivukuta moto? Orodha yangu ya uhunzi ilianza na panga linalomjeruhi jini, kufuli ambayo mchawi haifungui, na pete ya mguuni inayozuia mtu kuzama.

Vitu vya kawaida, kama misumari, jembe au kisu cha jikoni, mpe mhunzi bure. Akiwa na karakana, makaa na siku moja ya kazi, anavyo. Usimrushishe mtu dadu kwa kazi anayoifanya tangu utotoni, maana unamvunjia heshima mhusika wake.

Hatua ya 2: Gawa fani

Ukiandika "Ufundi" kama ustadi mmoja, anayefua mkuki ndiye huyo huyo atakayeshona jahazi na kuchemsha dawa. Ukigawa mno, utapata mfinyanzi anayekaa miezi sita bila kazi. Mimi natumia fani tano: uhunzi, useremala pamoja na vyombo vya baharini, usonara, ususi na ushonaji, na uganga wa dawa. Kila fani ina alama ya ustadi kuanzia 0 hadi 3. Tano zinatosha.

Hatua ya 3: Muda, ambao ndio bei yenyewe

Hapa ndipo kanuni nyingi huharibika, hata za michezo mikubwa. Chukua Dungeons & Dragons. Katika kanuni za mwaka 2014, fundi alinunua malighafi kwa nusu ya bei ya kitu, kisha akasonga mbele kwa thamani ya sarafu 5 za dhahabu kwa siku. Deraya kamili ya chuma, yaani vazi la vita, inauzwa sarafu 1,500. Gawanya mwenyewe: siku 300 kwa fundi mmoja. Kanuni za mwaka 2024 zilipandisha kasi hadi sarafu 10 kwa siku, na deraya ile ile ikawa siku 150. Ni nafuu, lakini miezi mitano bado ni mirefu kuliko visa vingi vinavyochezwa mezani. Wenzake wanaondoka kwenda kuokoa mji, yeye anabaki anagonga chuma.

Kuna tatizo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Muda ukifungwa kwenye bei, kikombe cha dhahabu kitachukua siku nyingi kuliko kikombe kile kile cha shaba, ingawa mkono ni ule ule na nyundo ni ile ile. Dhahabu ni ghali kwa sababu ni adimu. Kuifua si kugumu zaidi.

Kwa hiyo nimeacha kuhesabu siku kwa bei. Nahesabu nafasi zilizopo ndani ya hadithi yenyewe, na nina tatu tu: usiku mmoja, mwezi, na msimu. Usiku mmoja ni wa kukarabati na kutia makali. Mwezi ni wa silaha au chombo kizuri. Msimu ni wa kitu kitakachokumbukwa. Kwenye dunia ya mwambao, msimu unajileta wenyewe. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi hufuata, na wafanyabiashara waliokuja na upepo mmoja walilazimika kusubiri mwingine ili warudi kwao. Wahusika wako wakikwama bandarini wakingoja upepo, mhunzi ana msimu wake, na wenzake nao wana shughuli zao: kuoa, kudai madeni, kutafuta siri za sultani. Hakuna aliyekaa bure.

Hatua ya 4: Malighafi

Usitengeneze orodha ya vitu 40. Nilishafanya hivyo, tukapoteza jioni nzima tukihesabu vipande vya shaba. Kila kazi ipe vitu viwili tu: mizigo ya kawaida, ambayo mchezaji anailipia fedha bila maelezo, na kitu kimoja chenye jina na mahali kinapotoka. Kwa panga la kumjeruhi jini, mizigo ni chuma na makaa. Kitu chenye jina ni maji ya kisima kilichofukiwa chini ya msikiti uliohamwa. Kukipata ni kisa kizima cha mchezo.

Malighafi nyingine zimebeba muda ndani yake, na hizo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Mtepe, chombo cha kale cha baharini, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Makumbi yenyewe hufukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa kabla ya kupondwa na kusokotwa. Mchezaji anayetaka mtepe lazima awe amefukia makumbi kisa kilichopita, au aende kuwabembeleza akina mama waliofukia yao. Umeshapata hadithi kabla dadu haijaguswa.

Hatua ya 5: Dadu, mara moja tu

Kosa langu kwa Kombo linaonekana ukilipigia hesabu. Wakati ule tulitumia dadu ya pande 20. Alikuwa na nyongeza ya 5 juu ya dadu, na ugumu, yaani jumla ya kufikia, ulikuwa 15, kwa hiyo alifaulu akipata 10 au zaidi: nafasi 11 kati ya 20, asilimia 55. Nilidhani nimempa nafasi nzuri. Lakini kufaulu mara tatu mfululizo ni 0.55 mara 0.55 mara 0.55, na jibu ni chini ya asilimia 17. Nilikuwa nimemwambia kwa upole kwamba hatafua panga.

Sasa natumia dadu mbili za ludo. Kila duka la mtaani linaziuza, hakuna haja ya kuagiza dadu za ajabu kutoka nje. Rusha mbili, jumlisha, ongeza ustadi wa fani. Viwango ni vile vilivyozoeleka tangu mchezo wa Apocalypse World wa mwaka 2010:

10 au zaidi: kazi safi.
7 hadi 9: kazi imekamilika, ila mchezaji anachagua gharama moja: nafasi nyingine ya muda, mizigo mingine, au dosari.
6 au pungufu: kazi imekamilika, ila ina dosari, na msimulizi ndiye anayeichagua.

Soma mstari wa mwisho tena. Hata ukirusha vibaya, panga lipo mkononi. Mwenye ustadi 0 atapata dosari ya kulazimishwa mara 15 kati ya 36, karibu asilimia 42. Mwenye ustadi 2, mara 6 tu kati ya 36, yaani asilimia 17. Ustadi unaonekana waziwazi, lakini hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Hatua ya 6: Dosari, na uamuzi kabla ya dadu

Hatua hii niliipata kwa kukaa asubuhi nzima kwenye kibanda cha mhunzi aliyekuwa akigeuza springi ya lori kuwa panga. Sikuona kipimajoto. Mzee alikuwa akitazama rangi. Kipande kilipowiva wekundu, alikipiga juu ya fuawe. Kilipofifia, kikarudi kwenye makaa, kijana akavuta mvukuto. Mwishoni akalichovya panga kwenye oili chakavu, likalia na kufoka moshi. Nilidhani kazi imekwisha. Akanieleza kwamba panga la namna hiyo ukilipiga juu ya jiwe litavunjika kama kioo. Akalisugua uso mpaka likang'aa, akalirudisha kwenye joto dogo, akawa anangoja rangi ipande juu ya chuma: kwanza ya majani makavu, karibu nyuzi joto 220 na kidogo, kisha zambarau, kisha buluu, karibu nyuzi 300. Ukilitoa mapema linashika makali lakini ni jepesi kuvunjika. Ukilichelewesha linavumilia kishindo, ila makali yanaisha upesi.

"Sasa unataka la kukata au la kudumu?" akaniuliza.

Swali hilo ndilo kanuni yangu nzima ya uhunzi. Kabla mchezaji hajarusha dadu, muulize. La kukata: linaongeza 1 kwenye madhara, lakini dadu zote mbili zikitoa 1 vitani, linavunjika. La kudumu: haliongezi kitu, ila halivunjiki kwa silaha wala jiwe. Mchezaji anaamua akijua mhusika wake anaenda kupigana na nani, na kwa sababu ameamua mwenyewe, panga linakuwa lake kabla hata halijapewa jina.

Dosari nazo zifuate uamuzi huo. Panga la kukata lina ufa mdogo karibu na mpini. La kudumu limepinda kidogo, halitoki alani haraka. Dosari za dunia ya ajabu zinakuja kwa njia hiyo hiyo: panga la kisima kile linanong'ona usiku, na mwenye kulibeba hapati usingizi karibu na maji. Andika dosari tatu kwa kila kitu cha orodha yako, mapema. Ukiziacha uzibuni papo hapo, utajikuta unarudia "limepungua makali" kila mara.

Dosari usiifiche. Mhunzi hugonga kazi yake akasikiliza; chuma chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Mwambie mchezaji ulivyoisikia sauti hiyo, kisha mwachie uamuzi: alibebe hivyo hivyo, amuuzie asiyejua, au aliyeyushe na kuanza upya.

Hatua ya 7: Chunga nyongeza

Kwa dadu mbili za ludo, nyongeza ya 1 si kitu kidogo. Kupata 7 au zaidi ni asilimia 58. Ukiongeza 1 inakuwa 72. Ukiongeza 3, ni 92. Kwa hiyo karakana nzuri, msaidizi na vifaa bora visijumlishwe. Chagua kimoja kinachotoa nyongeza ya 1, vingine vipunguze muda au mizigo. Na panga lolote lisizidi nyongeza ya 1 kwenye madhara. Nguvu zaidi ya hapo ziwe za kufanya jambo jipya: kukata kivuli, kuwaka jini linapokaribia.

Hatua ya 8: Jaribu

Kwanza peke yako. Fua panga lile lile mara 20 kwa ustadi wa 1 na uandike kila tokeo. Ukichoka kusoma dosari ulizoandika, wachezaji watachoka pia, ongeza nyingine.

Kisha mezani, simu ikiwa inahesabu dakika. Kuanzia mchezaji aseme "nataka kufua" mpaka kitu kiandikwe kwenye karatasi yake, dakika tano zisipite. Zikipita, tazama mlipokwama. Kwetu tulikwama kwenye mizigo: nilikuwa bado nauliza bei ya makaa. Nikaifuta bei hiyo. Kombo mpya, maana mchezaji yule alirudi na mhusika wa jina lile lile, akapata 8 kwenye dadu zake, akachagua dosari badala ya kungoja msimu wa pili, na akaenda vitani na panga linalonong'ona.