Kabla hujagawa hojaji: kwa anayetaka kusoma saikolojia akiwa Tanga

Binti wa jirani yangu hapa Ngamiani amemaliza kidato cha sita na anataka kusoma saikolojia. Alikuja jioni moja baada ya alasiri, akaniamkia, nikamkaribisha chai na mahamri, nikamuuliza kwa nini saikolojia na si ualimu kama mama yake.

"Mwalimu, mimi watu nawaelewa. Nikimtazama mtu, namjua."

"Haya, nipe jambo moja unalolijua kuhusu watu."

Hakusita. "Mgeni akija Tanga haondoki. Mahaba yanamfunga." Akanihesabia: mume wa shangazi yake aliyekuja kutoka Singida kwa kazi ya miezi sita, fundi baiskeli wa barabara ya 12, dereva mmoja wa bandarini. Wote wameoa hapa, wote wamejenga.

"Na walioondoka, umewahesabia wapi?"

Alinyamaza. Walioondoka hawapo mtaani kwetu tukawaona. Ukisimama Ngamiani ukahesabu wageni, utawapata waliobaki peke yao, na hesabu yako itakwambia kwamba kila mgeni hubaki. Nimefundisha sekondari miaka mingi, nikashika na kazi ya unasihi wa wanafunzi, na saikolojia yenyewe nimeisomea ukubwani. Kosa hili nimeliona kwa watoto, kwa walimu wenzangu na kwangu mwenyewe. Niliyomwambia binti huyo jioni ile na jioni mbili zilizofuata ndiyo haya, na nayaandika kwa kila aliye katika hali yake.

Nunua kaunta buku. Ukurasa wa kwanza andika dai lako kwa sentensi moja. Chini yake, kabla hujamuuliza mtu yeyote chochote, andika: "Nikiona jambo hili, nitakubali kwamba nimekosea." Litaje jambo lenyewe, utie tarehe. Kwa dai la mahaba mstari huo ungekuwa hivi: nikipata orodha ya watumishi wote waliohamishiwa Tanga mwaka fulani, na ya waliohamishiwa Morogoro mwaka huohuo, na baada ya miaka 10 nikakuta waliobaki Tanga hawazidi waliobaki Morogoro, dai limeanguka. Tazama kazi iliyofanywa na sentensi hiyo moja. Imewarudisha walioondoka katika hesabu, imeleta mji wa pili wa kulinganisha, imeweka muda. Karibu utafiti wote umo humo, na hujatumia hata shilingi.

Akili zetu haziendi huko zenyewe. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni aliyonayo yeye. Walitakiwa kutaja namba tatu nyingine, naye awaambie kama zinaifuata au la, mpaka waigundue. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili mbili. Mtu wa namna hiyo hutaja 8, 10, 12, akaambiwa ndiyo. Hutaja 20, 22, 24, akaambiwa ndiyo. Basi hutangaza kwamba ameipata. Kanuni ilikuwa namba zinazopanda tu. Angetaja 1, 2, 50, angeshangaa kuambiwa ndiyo, na mshangao huo ungemfundisha kuliko ndiyo zote za mwanzo. Jaribu na wadogo zako usiku wa leo, uone jinsi mtu anavyoona uzito kuuliza swali litakalolivunja wazo lake.

Sasa maneno. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tafiti nyingi za wanafunzi wetu huharibika bila mwenyewe kujua.

Hojaji nyingi za saikolojia zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huitafsiri usiku, akaigawa asubuhi. Chukua neno wasiwasi. Kitabuni ni ile hofu isiyotulia. Lakini muulize mzee wa Makorora, mtu wa swala tano, "Katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa na wasiwasi mara ngapi?" Anaweza kukujibu habari za udhu: anasahau kama mkono ameosha mara mbili au tatu, anarudia, anarudia tena. Hiyo nayo kwetu ni wasiwasi. Jibu lake ni la kweli kabisa, ila halikujibu swali lako. Au chukua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Neno hili limo katika vitabu. Mtaani mtu husema ana mawazo, moyo mzito, hana raha. Na huyo mwenye mawazo pengine anawaza kodi ya nyumba tu, ikilipwa yamekwisha.

Fanya mambo mawili. Kwanza, tafsiri yako mpe mtu anayezijua vizuri lugha zote mbili na ambaye hajaiona hojaji ya asili, airudishe katika Kiingereza, palipopotoka patajionyesha. Pili, wasomee maswali watu watano wa aina ileile utakayoihoji, na usiwaombe wajibu. Waombe wakueleze kwa maneno yao wenyewe umewauliza nini. Mama ntilie mmoja aliwahi kunifundisha katika dakika kumi kasoro ambazo mimi na kamusi yangu hatukuziona kwa wiki nzima.

Kuna na adabu zetu. Mtu wa pwani amelelewa kujibu njema. Ukimuuliza hali yake kwa kipimo cha 1 hadi 5 atasema Alhamdulillahi, nawe utaandika 5, kumbe nyumbani ana mgonjwa na hajalala siku tatu. Uliza kilichotokea: jana usiku ulipanda kitandani saa ngapi, uliamka mara ngapi, leo asubuhi ulikula nini. Na akikutajia saa, igeuze palepale. Nimeona jedwali la mwanafunzi ambamo waliolala saa nne usiku waliingizwa kama 4. Kompyuta iliwasoma kwamba wamelala saa kumi alfajiri, na wastani wote ukapotea. Saa nne usiku ni 22:00. Andika hivyo ukiwa bado mbele ya mtu.

Nije kwenye kulinganisha, na kosa langu mwenyewe. Utotoni nilisoma chuo cha Kurani ambako mwalimu hakukuacha uangalie ubao muda wote: unasoma, unafunika, unarudisha kwa kichwa. Nilipokuja kufundisha biolojia niliamini mwanafunzi naye asome hivyo, badala ya kupitia daftari mara nne huku anasinzia. Nikakuta wapo waliokwisha kulipima. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi. Wengine waliisoma mara mbili, wengine waliisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42.

Nikataka kuona kwa wanafunzi wangu. Mara ya kwanza niliwaacha wachague wenyewe namna ya kusoma, na wenye bidii wakaichagua njia yangu. Hapo nilikuwa nimelinganisha bidii na uvivu. Mara ya pili niliandika majina kwenye vikaratasi, nikavichanganya kapuni, nikachomoa nusu bila kutazama. Kikaratasi hakijui nani mwerevu, nani hakula usiku, nani ana baiskeli na nani anatembea kwa miguu kutoka Sahare. Tofauti hizo zote hugawanyika pande mbili kwa bahati nasibu, na ukiwa na watu wa kutosha zinakaribia kulingana. Hiyo ndiyo kazi ya kapu, na hakuna uzoefu wa mwalimu unaoweza kuifanya badala yake.

Kisha nikasahihisha mwenyewe, na kila jibu nikijua la kundi gani. Penye jibu la nusunusu nilikuwa naliongezea alama kundi nililolipenda. Sikujua kwamba nafanya hivyo. Nilijua mwenzangu aliposahihisha majibu yaleyale yakiwa na namba badala ya majina: tofauti kati ya makundi ilibaki, lakini ilipungua sana. Niliumia, kwa sababu sikukusudia kudanganya mtu. Wala Wilhelm von Osten hakukusudia. Alikuwa na farasi mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, aliyegonga kwato kujibu hesabu, na umati ukija kutazama. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi huyo alishindwa karibu kila mara muulizaji mwenyewe alipokuwa halijui jibu, au alipofichwa asionekane. Mnyama alikuwa anasoma mtikisiko mdogo wa kichwa cha anayemuuliza. Basi andika mwongozo wa alama kabla ya kuona jibu hata moja, ondoa majina, na kalamu mpe mtu asiyejua nani alifanya nini.

Vibali havina njia ya mkato. Ukiwa mwanafunzi, chuo kitakupa barua ya kukutambulisha, nayo hupita kwa uongozi wa mkoa na wa jiji ndipo ifike kwa mkuu wa shule. Utafiti unaogusa afya unahitaji idhini ya maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapahapa Tanga. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi, na bado yeye mwenyewe umuulize kama anataka. Akisema hataki, imekwisha, hata mzazi akiwa ametia saini. Majina yafungie mbali na majibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, lakini hata isingekuwapo, Ngamiani siri ya mtu huzunguka barabara zote 21 kabla ya magharibi.

Utakapoanza kusoma kazi za wengine, usitishike na jina la chuo. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimetoka katika majarida yenye heshima. Tafiti 97 kati ya hizo zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuletwa na bahati nasibu peke yake. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Mimi hapo sikuiona sayansi imeanguka. Niliiona inafanya kazi yake. Na mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walieleza jinsi saikolojia ilivyojengwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo vyao, kisha ikasema juu ya binadamu wote. Ndiyo maana namwambia binti huyu kwamba kuupima upya utafiti wa Marekani kwa uangalifu, kwa Kiswahili safi, katika shule ya Pongwe, ni mchango halali kabisa kwa elimu ya dunia.

Kuhusu kuendelea na masomo nitasema kwa kifupi. Soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka wako mwenyewe, usitegemee wa kaka yako. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tanga, na kinamfaa anayefanya kazi huku anasoma. Anayetaka kuwa daktari wa magonjwa ya akili ajue kwamba njia hiyo huanzia udaktari wa binadamu, ndipo ubingwa. Mwanasaikolojia hupita njia nyingine na haandiki dawa. Na takwimu usizikimbie. JASP ni programu ya bure, ipo kwenye intaneti, na unaweza kuanza nayo kabla hujapata chuo.

Ijumaa binti alirudi na kaunta buku. Mahaba ameyaacha kwanza, kwa kuwa orodha za watumishi si rahisi kuzipata. Dai lake jipya: wanafunzi wanaoendesha baiskeli zaidi ya nusu saa kuja shule husinzia kipindi cha kwanza kuliko wanaotembea muda huohuo. Ule mstari wa chini aliuacha wazi, akasema umemshinda. Tulikaa nao barazani, tukifuta na kuandika, mpaka adhana ya magharibi ikakaribia. Umesimama hivi, kwa mwandiko wake: "Mwalimu asiyejua nani anakuja na nini akiandika kila anayesinzia, kwa wiki mbili, na wa baiskeli wasiwazidi wa miguu, nimekosea."