Tandiko la farasi: tazama mgongo kwanza

Ndugu zangu wa Lubumbashi mnaopanda farasi au mnaopeleka watoto kujifunza, msikubali tandiko kwa sababu tu ngozi yake inang'aa. Anayeanza atafute lile la Kiingereza la matumizi yote, jepesi. La kuruka viunzi lina mbawa (vipande vya ngozi vya pembeni, chini ya miguu ya mpandaji) zilizosogea mbele, maana vikuku vya kukanyagia hufupishwa na goti hupanda. La dresaji, yaani mchezo wa farasi kuonyesha hatua za ustadi, lina kiti chenye kina na mbawa ndefu zilizonyooka. La wachunga ng'ombe wa Marekani, lenye pembe ya kufungia kamba, ni zito ila linasambaza uzito vizuri. Kwa safari ndefu mimi ningechukua hilo.

Kubwa zaidi ni namna linavyokaa. Liweke mbele kidogo ya mahali pake, kisha livute nyuma ili manyoya yalale. Ukiwa umepanda, vidole 2 au 3 vipite kati ya tandiko na mfupa wa juu ya mabega ya farasi. Mkanda wa tumbo ukaze polepole, mtembeze farasi, ukaze tena. Ukilivua, soma jasho: doa kavu upande mmoja, lililozungukwa na manyoya yaliyoloa, mara nyingi ndipo panapobanwa. Mpumzishe, mwite anayejua kurekebisha matandiko.

Vumbi jekundu la kiangazi lifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupaka mafuta ya kutunzia ngozi ya tandiko. Mvua zikianza, usilifungie tandiko kwenye plastiki, litaota ukungu.